Mmakonde wa Twahiru

Ukungu wa Mkunya hauna adabu. Haupigi hodi. Unapanda kutoka bonde la Ruvuma alfajiri, unapita katikati ya mikorosho, unaingia uani, unaingia jikoni, na ukiacha mlango wazi unaukuta umeshajilaza kitandani kwako. Sisi wa huku juu tumeuzoea. Wageni ndio hujifunga mablanketi wakauliza kama kweli hii ndiyo Mtwara waliyoambiwa ina joto.

Asubuhi hiyo Stamili alikuwa amekaa kizingitini, miguu nje, mgongo ndani, akiwasikiliza wanawake wa chini wakiteka maji.

Wanawake wa chini hawakuwa majirani. Walikaa ndani ya ardhi, chini kabisa, kwenye kina ambacho hakuna mtu wa uwanda huu aliyewahi kuchimba akakifikia, na huko maji yalikuwa tele. Stamili aliwasikia wakitumbukiza ndoo, wakicheka, wakisengenyana kwa raha zao. Wakati wa ugonjwa wake mkali walikuwa wamepanda mpaka chini ya mkeka wake, wakamwita kwa jina: Stamili, njoo, huku hakuna foleni. Naye akaenda. Walimkuta kwenye mteremko wa kushuka Ruvuma, pekupeku, ndoo tupu kichwani, midomo imepasuka, akijibizana na watu wasioonekana. Kilichofuata hapendi kukisimulia. Kulikuwa na mganga huko bondeni, na gogo lililotobolewa likabanwa mguuni pake, na moshi, na siku nyingi zilizofanana.

Aliyemtoa kule ni kaka yake, Mahmudu, tena kwa ugomvi. Akampeleka hospitali Masasi, na alipotoka akamrudisha nyumbani kwake Mkunya, si kwenye gogo. Sasa kila mwezi Stamili huchomwa sindano pale zahanati na Nesi Gwakisa, mtu wa Tukuyu ambaye mpaka leo anashangaa maji ya Newala yanavyotafutwa kama mbuzi aliyepotea. Jioni humeza kidonge mbele ya Mama Nikolao. Huyu Mama Nikolao, jina lake Leonia, ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji. Ana mkoba wa buluu, viatu vya raba, na mdomo usiochoka. Kila Jumatano wagonjwa na ndugu zao hukaa barazani pa zahanati, wakamenya mihogo pamoja na kuulizana wamelalaje.

Dawa haikuwafukuza wanawake wa chini. Iliwashusha tu. Stamili aliwasikia kama unavyosikia ngoma ya kijiji cha pili, unajua kuna shughuli lakini hujui inaimbwa nini. Nesi Gwakisa hakumficha. Alimwambia huenda wasiondoke kabisa, lakini mtu anaweza kuishi na kelele za jirani bila kuhamia kwake. Stamili alilipenda neno hilo. Siku nyingi alikaa hivyo kizingitini, nusu duniani nusu kwingineko, macho mazito ya dawa, mambo yote yakimjia polepole na yakiwa yamelainika kingo, na hakuwa na huzuni. Alikuwa na amani, kama tu watu wangemwacha.

Maana watu, jamani! Watu walimfanyia wema mpaka basi. Zamani alikuwa Mama Rahima, mwanamke wa kusimama mnadani akabishana na mpima korosho mpaka mizani ikaona haya. Aliporudi kutoka Masasi, hakuna aliyebishana naye tena. Wakimwona, sauti zinashuka. "Umeamkaje, mama? Pole, eeh? Kaa hapa kivulini." Akisema kitu cha kuchekesha, wanatazamana. Akikasirika, wanarudi nyuma hatua moja. Hata bintiye Rahima, akipiga simu kutoka Mtwara mjini, alikuwa akiongea naye polepole namna ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Hakuna kitu kinachochosha kama huruma ya watu wazima. Unazama ndani yake bila kelele, na wao wako ukingoni wanakuambia pole.

Mtu mmoja tu hakumwonea huruma, naye ni Twahiru.

Twahiru alikuwa fundi cherehani, Myao wa Masasi, aliyepanda huku juu ujanani kushona sare za shule na hakushuka tena. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, kwa hiyo alitembea akiitikia, kama mtu anayekubaliana na kila jambo njiani. Na kwa kuwa Wayao na Wamakonde ni watani, basi tangu Stamili angali msichana hawakuwahi kupita njia moja bila kutukanana. Walitukanana sokoni, msibani, hospitalini, popote. Stamili akimwamkia shikamoo, Twahiru anajibu, "Sipokei shikamoo ya mla panya." Stamili anamwambia, "Myao we, unaenda mpaka chooni na kanzu." Na Twahiru, ambaye alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote, anawageukia waliopo na kuuliza: "Hivi hawa watu, waliona maji yako bondeni, wakabeba mikeka yao wakapanda mlimani wakayatazame kwa juu. Nani ana akili hapo?"

Sasa, siku ile Stamili aliporudi kutoka hospitali, nyumba ya Mahmudu ilijaa watu wa pole. Wamekaa, wamenyamaza, wanatazama sakafu. Twahiru akaingia akiitikia kwa mguu wake, akasimama katikati ya ukumbi, akamwangalia Stamili juu mpaka chini.

"Mmakonde wangu," alisema, "nimeambiwa ulipata wazimu. Wallahi nilishangaa. Mimi nilidhani ndivyo mlivyo siku zote."

Ukumbi ukaganda. Mama mmoja akashika mdomo. Mahmudu alikuwa ameshanyanyuka kumtoa yule mtu nje, na ndipo wakasikia kitu ambacho hakikuwa kimesikika muda mrefu, Stamili anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akashika mbavu. "Toka, Myao we, toka na mguu wako wa kukopa," akamwambia. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi Twahiru akienda kufungua kibanda chake, alipitia pale kizingitini kumtukana kwanza. Siku moja Stamili alimweleza habari za wanawake wa chini. Twahiru hakusema hawapo, wala hakusema wapo. Alifikiri kidogo, akasema, "Waambie wapandishe hata madumu mawili basi. Wanacheka tu na sisi tuna kiu."

Ndiyo maana nasema Twahiru alikuwa amemshika mkono. Dawa ilifanya kazi yake, sikatai. Lakini ni Twahiru aliyemkumbusha kila siku kuwa yeye bado ni mtu wa kutukanwa.

Asubuhi ya ukungu, basi, Stamili alikuwa akimsubiri. Jua lilikuwa limeshaanza kuupasua ukungu na Twahiru hajapita. Badala yake alikuja Mama Nikolao, mkoba begani, na kwa mara ya kwanza tangu Stamili amjue, mdomo wake ulikuwa umefungwa. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama Rahima," alisema kwa sauti ile ile ya chini. "Fundi Twahiru hatunaye. Moyo. Kaanguka alfajiri akitawadha."

Stamili alimtazama. Midomo ya Leonia ilikuwa imetikisika, lakini maneno yalionekana kutoka mahali pengine, chini, pale ndoo zinapotumbukizwa. Wanawake wale waliwahi kumwambia mambo mengi yasiyokuwa kweli. Kwa hiyo alifanya kama alivyofundishwa Jumatano barazani: gusa kitu, kisha muulize unayemwamini. Aliweka kiganja ukutani, kwenye udongo wa baridi, akamwita kaka yake aliyekuwa akinoa jembe uani.

"Kaka, umesikia alichosema Mama Nikolao?"

Mahmudu alikuja akasimama. Hajawahi kumdanganya tangu alipomtoa kwenye gogo. "Nimesikia," alisema. "Ni kweli. Twahiru amefariki."

Basi ukungu ukamwingia kifuani. Hakulia. Aliona tu kwamba asubuhi zote zilizobaki zitakuwa hivi, na watu wote watakaopita watasema pole.

"Nakwenda kuvaa," alisema. "Nina kazi msibani."

Mahmudu na Leonia wakatazamana. Kazi aliyoisema waliifahamu vizuri. Huku kwetu mtani hafi hivi hivi akazikwa kimya. Mtani wake huja akavaa nguo zake, akatembea mwendo wake, akasema kwa sauti yake, akaziba njia jeneza lisipite mpaka apewe anachodai. Watu wanalia huku wanacheka, na marehemu anaondoka akiwa ameagwa kama mtu aliyeishi na watu. Asiyefanyiwa hivyo anakwenda kaburini kama gunia. Siku hizi wapo wanaoona haya, wastaarabu wa simu, wanasimama pembeni wakipiga picha. Lakini Stamili hakuwa wa hao.

"Leo pumzika," Mahmudu alisema. "Msiba una makelele, utachoka. Watani wengine wapo."

"Hao si watani wake. Hao ni Wamakonde tu."

Leonia akamshika goti. "Mama Rahima, nisikilize. Mjomba Anwari atakuwepo."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mjomba Anwari ndiye mkubwa wa ukoo, na kwetu huku neno la mjomba ni zito kuliko la baba. Yeye hakuwahi kuyaamini mambo ya sindano. Alikubali Stamili akae kwa Mahmudu kwa sharti moja, tena alilitamka mbele ya ukoo mzima: ugonjwa ukirudi, hata mara moja, anarejeshwa kwa mganga bondeni na habari imekwisha. Na dalili za ugonjwa kurudi Nesi Gwakisa alizieleza kwa wote, kwa nia njema kabisa. Akivaa visivyo vyake. Akisema na asiyekuwepo. Akicheka pasipochekesha. Akizuia watu njia. Sasa niambie wewe, mtani msibani anafanya nini kingine zaidi ya hayo?

Stamili alielewa. Aliweka mikono mapajani, akatikisa kichwa taratibu. "Sawa," alisema. "Nendeni. Mtanisimulia."

Walikwenda. Naye alidhamiria kubaki, nisimsingizie. Alikaa pale pale kizingitini, na dunia ikawa nyepesi sana. Kuku walipita bila sauti. Mikorosho ilionekana na kupotea kwenye mabaki ya ukungu. Kutoka chini, wanawake walikuwa wameacha kuteka maji. Wamesimama, wanamsikiliza yeye safari hii. Aliuona mguu wake wenye kovu la gogo na akaogopa. Kisha akafikiria jeneza likitoka nyumbani kwa Twahiru, watu wakiwa wameinamisha vichwa, hakuna hata mmoja anayemtukana, na Twahiru ndani ya sanda akisikiliza ule ukimya na kushangaa: Mmakonde wangu yuko wapi? Woga ukabaki pale pale, lakini Stamili akasimama.

Kibanda cha fundi kilikuwa njia panda, mlango umefungwa kwa kamba tu. Ndani mlinukia mafuta ya cherehani na vitambaa vipya. Kanzu ya kazi ilining'inia msumarini. Stamili aliivaa juu ya khanga zake, akajitupia futi ya kupimia shingoni, akachomeka kofia, na mwisho akavaa miwani ya kushonea ambayo fundi aliiacha juu ya cherehani. Ile miwani ilikuwa mikali! Mara mlango ulisogea, sakafu ikapinda, mkono wake mwenyewe ukawa mbali kama wa mtu wa ng'ambo. Alitoka njiani akiitikia kwa mguu wa kushoto. Ukungu na miwani vilichanganyika, na kila mti aliopita ulikuwa mtu aliyeinama kumsalimu. "Marahaba, marahaba," aliwajibu kwa sauti ya Twahiru. Alikuwa na majonzi na alikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, na hakujua vinatenganishwaje.

Msibani turubai lilikuwa limeshafungwa. Ndugu wa Twahiru, waliopigiwa simu alfajiri, walikuwa wameshapanda kutoka Masasi kwa fuso, wengi wao hawajawahi kumwona Stamili. Wanaume walikuwa wamejipanga nje, wanawake wamejaa uani na ndani, na mjane wake, Bi Somoe, alikuwa chumbani amekaa mkekani nyuma ya pazia. Watu walisema tangu alfajiri hakulia wala hakusema, anatazama ukuta tu. Watani wawili watatu wa Kimakonde walijaribu kuiba sufuria ya wali jikoni, kwa kutimiza desturi, wakaishia kuirudisha wenyewe.

Jeneza likatoka. Wanaume wakalibeba mabegani, wakaanza kuondoka kwa zile hatua za haraka, na pale penye mwanya wa uzio wakakuta mtu amesimama katikati, kanzu imemfika chini, miwani imeteleza puani, anatikisa kidole.

"Mnanipeleka wapi na gauni la Mama Nikolao sijalimaliza?" alisema yule mtu, kwa sauti ya Twahiru kabisa, ile ya puani. "Nimeshona mkono mmoja! Mnataka akaende kanisani na mkono mmoja? Niteremsheni!"

Kuna kijana wa Masasi alicheka. Mzee mwingine naye akaguna kwa kicheko. Kicheko kikaanza kutembea kwenye watu, na Stamili akaanza kuzunguka mbele ya jeneza akiitikia, akipima hewa kwa futi, akigomba, "Huyu nani amenikatia sanda? Hii imepinda! Wayao wote mafundi, mmekosa hata mmoja wa kukata kitambaa sawasawa?" Halafu mtu akamtambua.

"Ni yule mgonjwa wa kwa Mahmudu," alisema.

Kicheko kikafa. Kilikufa mara moja, kama moto uliomwagiwa maji. Kina mama wakawavuta watoto. Wabebaji wakarudi nyuma hatua moja, ile ile hatua aliyoijua. Na katika ukimya ule Stamili alisikia ndoo zikigongana chini ya miguu yake, karibu, karibu sana. Wanawake wa chini walikuwa wanapanda.

Mahmudu alitoka mstarini mbio, akamkumbatia kwa nyuma, mikono yake ikambana kifuani. Leonia alikuwa ameshatoa simu kumpigia Nesi Gwakisa. Mjomba Anwari hakunyanyua hata sauti.

"Nilisema," alisema. "Kaka yake akabisha. Nilisema. Mtoeni hapo, mzikeni marehemu, kesho nampeleka mwenyewe bondeni."

Stamili hakujitikisa. Alijua akipambana, amekwisha. Akinyamaza, Twahiru amekwisha. Aliisikia pumzi ya kaka yake shingoni, na chini ya pumzi ile aliwasikia wao wakimwita, na kwa kweli, kwa sekunde hiyo, hata yeye hakuwa na hakika yote. Ni utani huu, au ni ule mteremko tena? Wewe mwenye akili zako timamu umewahi kuulizwa swali hilo mbele ya halaiki ukiwa na kanzu ya marehemu mwilini?

Aligeuza kichwa kidogo, akasema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe.

"Kaka. Ni mimi. Jana nimemeza dawa. Wale nawasikia, sikufichi, wako karibu leo. Lakini hili ni langu, si lao. Niache nimuage mtani wangu."

Mahmudu alitazama uso wa dada yake kupitia miwani ile mikali. Macho yalikuwa makubwa, yamejaa maji. Alitazama upande wa Leonia. Alitazama upande wa mjomba. Hakuna aliyeweza kumwambia kama huu ni utani au ni ugonjwa. Tusimpambe, hakuona ishara yoyote, hakupata hakika yoyote. Alikuwa na hofu tupu. Aliachia mikono akiwa na hofu ile ile.

"Mahmudu!" mjomba akafoka.

"Mjomba, nisamehe," Mahmudu alisema. "Mwache afanye kazi yake."

Stamili akajiweka sawa. Akavuta kofia. Akainua mikono yote miwili, akaziba njia.

"Hapiti mtu," alisema. "Desturi mnaijua. Mtani hajapewa haki yake."

Kaka wa marehemu, mtu mzima wa Masasi mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa bega la mbele la jeneza, akamkazia macho. Hakumjua huyu mwanamke, lakini desturi aliijua. "Unadai nini, mtani?" aliuliza. "Kuku? Kitambaa? Sema tukupe, jua linapanda."

Na hapo Stamili, ambaye njia nzima alikuwa ametunga utani wa kila aina, akakosa utani. Lilimtoka lililokuwepo.

"Kuku sitaki," alisema. "Mmemchukua Myao wangu. Huyu ndiye aliyekuwa ananitukana. Wengine wote hapa wananionea huruma. Nipeni Myao mwingine wa kunitukana, ndipo mpite."

Watu wa Mkunya walitazama chini. Kila mmoja alijikumbuka sauti yake laini, na ile hatua yake moja ya kurudi nyuma. Mama Nikolao aliizima simu, akaanza kulia waziwazi, mkoba umemwangukia kiwikoni. Jeneza lilikuwa juu ya mabega, limesimama, linasubiri na lenyewe.

Kisha pazia la chumbani likasogea. Mjane hakutoka, eda haimruhusu, lakini uso wake ulionekana dirishani, umevimba, umefungwa kaniki. Bi Somoe alimtazama yule Twahiru wa kuazima aliyesimama mlangoni pa uzio wake.

"Mmakonde we!" alipaza sauti, na sauti ilikuwa imekwaruza kwa kukaa kimya. "Kanzu ya mume wangu umeivaa mbele nyuma!"

Stamili akajitazama. Kweli, jamani, vifungo vyote vilikuwa mgongoni.

"Fundi wa watu kashona miaka yote hiyo anawastiri, bado hamjui mbele ni wapi!" Bi Somoe aliendelea, machozi yakimtiririka. "Kama si magome mliyozoea kuvaa ni nini?"

"Ndiyo maana waliyakimbia maji," bibi mmoja wa Masasi akadakia kutoka uani, mkono kiunoni. "Waliinama wakaziona sura zao!"

"Toka njiani, mla panya!" akasema kaka wa marehemu, na ndevu zake zilitikisika kwa kilio na kicheko. "Utatufanya tumzike ndugu yetu jioni kwa mdomo wako!"

Yakamiminika. Kutoka uani, kutoka chini ya turubai, Wayao wa Masasi wote waliokuja na fuso wakamtukana. Wakamtukania kofia, wakamtukania mwendo, wakamtukania ukoo na mlima aliozaliwa. Hata mjomba Anwari hakuachwa, bibi yule alimuuliza kama ile fimbo mkononi mwake ni ya kutembelea au ya kuchimbia panya. Mzee aliificha fimbo nyuma yake, na habari ya bondeni hakuitaja tena. Stamili alisimama katikati ya matusi yale mikono imeshuka, miwani imejaa ukungu, na hapo ndipo alipolia. Alimlilia Twahiru kwa sauti kubwa kama mtu yeyote aliyefiwa, na hakuna aliyerudi nyuma.

Akavua kofia. Akatoka njiani, jeneza likapita, wanaume wakaondoka nalo kwa hatua zao za haraka, na Mahmudu akaingiza bega lake kusaidia kubeba.

Bi Somoe bado alikuwa dirishani.

"We mwenda wazimu," alimwita.

Neno hilo hakuna aliyekuwa amelisema mbele ya Stamili tangu atoke hospitali, isipokuwa mmoja. Stamili aliinua uso.

"Kesho uje mapema," Bi Somoe alisema, akifuta pua kwa ncha ya kaniki. "Nikutukane vizuri. Leo sina nguvu."